Mawe Yenye Njaa: Kutoka Bunia Hadi Mombasa

Tangu nirudi sijamaliza sahani moja ya fufu bila mtu kunisimamisha. Mmoja anataka kujua kama maji ya bahari yana chumvi kweli. Mwingine anauliza kama nililala ndani ya meli. Nimesimulia vipande vipande, na sasa naona vipande hivyo vimeanza kujiongeza vyenyewe: juzi sokoni nimesikia kwamba nilipigana na papa. Sikupigana na papa. Nilipigana na koti la plastiki la rangi ya chungwa, likanishinda. Basi habari yote ni hii, mpitishiane, na mniache nile.

Sababu ya safari ni Esther, mtoto wetu wa kwanza. Alisomea mambo ya dawa Kampala, akapata kazi katika famasi moja Mombasa, na huu ni mwaka wake wa tatu huko. Mwezi wa tatu alitupigia simu akasema kwamba siku za mapumziko anakwenda na marafiki kuzama baharini, na hewa mgongoni, kuangalia matumbawe. Mimi nilisikia matumbo. Nikamwuliza ya mnyama gani. Akacheka, akasema si matumbo, ni kama mawe, lakini yana uhai, na mwaka huu yanaugua kwa sababu maji yamekuwa moto kupita kiasi.

Mke wangu, Mama Esther, hakusikia habari ya mawe. Alisikia neno moja tu: kuzama.

Wengi wenu mnanijua kama fundi wa pampu. Kabla ya pampu nilifanya miaka sita kwenye draga, ile mashine inayonyonya mchanga chini ya mto Ituri ili watu watafute dhahabu. Nilikuwa mzamiaji. Unaingia na bomba la hewa mdomoni, maji ni tope tupu, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Tulikuwa wawili wawili: mmoja chini, mwingine juu ameshika kamba na bomba. Siku ambayo rafiki yangu Mumbere alibaki chini, mimi ndiye niliyeshika. Nilivuta kamba, haikuvutwa upande wa pili. Nikavuta tena. Nilirudi nyumbani na sikio moja lisilosikia, nikamwapia Mama Esther kwamba kichwa changu hakitaingia tena ndani ya maji yoyote.

Kwa hiyo alinituma. “Uende,” alisema. “Umwambie aache. Weye unajua hiyo mambo. Miye nitalia tu, na mutoto atazima telefone.”

Habari za karatasi za kuvukia mipaka naziruka. Aliyewahi kuzitafuta anazijua, na asiyezijua nisimharibie siku.

Bunia hadi Tchomia

Kosa la kwanza lilikuwa kumjibu dereva wa taksi ukweli.

“Muzee, uko naenda mpaka wapi?”

“Mombasa.”

Akasimamisha gari. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka mjini.

“Muzee, Mambasa iko nyuma. Barabara ya Komanda. Huku ni Bogoro, kisha ziwa.”

“Si Mambasa ya hapa Ituri. Mombasa. Mo.”

“Mo,” alirudia, kwa ile sauti tunayotumia kwa wagonjwa. “Na kule Mo kuko nini?”

“Bahari.”

Mpaka Bogoro gari zima lilijadili kama mtu anaweza kutoka Ituri akafika baharini bila ndege. Nilikuwa na watetezi wawili na wapinzani wanne. Tulipoanza kushuka mlima na ziwa likaonekana chini, limetanda jeupe mpaka macho yanashindwa, abiria mmoja akanigonga bega. “Muzee, si ile pale bahari? Shukia hapo, uangalie muzuri, urudi na gari ya kesho.”

Tchomia nilikaa siku mbili nikingoja boti ya kuvuka ziwa. Kwanza upepo, halafu mota, halafu mwenye mota. Kila nilipouliza niliambiwa “sasa hivi”, na kila “sasa hivi” ilikuwa na urefu wake. Nilikula kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na majiko ya kukaushia samaki. Sikuwahi kula samaki mbichi namna ile, ametoka majini muda si mrefu, na fufu ya mihogo, na pilipili ambayo ilinifanya niongee na marehemu wangu wote. Siku ya pili aliniuliza naenda kufanya nini huko mbali.

“Kuangalia mawe. Yako magonjwa.”

Alinitazama kwa huruma. “Mawe ya Bogoro iko yote muzima,” alisema. “Ungebakia tu pale.”

Kwake ndiko niliponunua samaki wa kukaushwa kwa moshi, kifurushi kizima, kwa amri ya Mama Esther. Ndiyo, nilibeba samaki kuwapeleka baharini. Cheka, halafu endelea kusoma.

Kuvuka ziwa

Boti ilijaa watu, magodoro na mbuzi mmoja aliyekuwa mtulivu kuliko mimi. Nilikuwa nimejiambia kwamba kuvuka si kuzama, kwamba kichwa changu kitakuwa juu muda wote, na kiapo hakitaguswa. Katikati ya ziwa, mahali ambapo huoni Congo wala Uganda, mota ilikohoa mara tatu ikanyamaza.

Mimi ni fundi. Nilitaka kusaidia. Lakini nilipojaribu kusimama niligundua kwamba mkono wangu wa kulia umefungwa. Kulikuwa na kamba ya boti pembeni, na nilikuwa nimeizungusha mkononi mara mbili, jinsi tulivyokuwa tukifanya kwenye draga, bila kujua nimeanza lini. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe.

Mwanamke mfanyabiashara aliyekaa mbele yangu, amekumbatia mabeseni yake, aliona.

“Papa, achia ile kamba. Mashua haiwezi kukimbia.”

Watu walicheka na mimi nikacheka. Niliifungua mzunguko mmoja, mwingine nikauacha. Mota iliwashwa na mwenye mota baada ya kuipiga kofi, jambo ambalo kama fundi lilinikera sana, na jioni tulifika Ntoroko, upande wa Uganda, miguu imelowa, mbuzi akiwa wa kwanza kushuka.

Basi, na shule ndani ya basi

Kutoka Ntoroko mpaka Kampala sitawachosha. Nililala njia nzima mdomo wazi, nikajua tu kwa sababu jirani alinifunga skafu kidevuni, kwa wema. Kampala nilipanda basi la Nairobi, na Nairobi nikapanda la Mombasa, na hapo ndipo nilipokutana na Mama Voi. Jina lake la kweli sikulijua; alikuwa anashukia Voi, alikuwa mwalimu mstaafu, na Mungu alimpa kiti kando ya sikio langu zima.

Shida ilianza na samaki. Siku tatu ndani ya mfuko zilikuwa zimewapa nguvu. Abiria wa mbele walifungua dirisha, wa nyuma wakafunga pua. Mama Voi akauliza ni nini.

“Iko samaki,” nikasema, “ya mutoto yangu.”

Aliacha habari ya harufu pale pale. “Ni samaki,” alisema. “Samaki wa mtoto wangu. Sema.”

“Samaki wa mtoto wangu.”

“Mtoto yuko wapi?”

“Mutoto iko Mombasa.”

“Mtoto yuko Mombasa. Tena.”

Kwa hiyo, ndugu zangu, mimi mwenye wajukuu wawili nilisomeshwa darasa la kwanza kutoka Nairobi mpaka Voi. Nilipokosea aligonga goti langu. Nilipopatia alinipa kipande cha chungwa. Alinifundisha pia namna ya kumsalimu mtu wa pwani, na alisema nisithubutu kufika na “habari iko namna gani”. Aliposhuka alinipungia mkono dirishani na kusema kwa sauti, basi zima likisikia, “Na uwape pole hao samaki!”

Mombasa, na neno nililolibeba

Esther alikuwa ananingoja stendi. Nilimwona kabla hajaniona: amekonda kidogo, amekuwa mweusi wa jua, amesimama kama mama yake anavyosimama, uzito wote mguu mmoja. Nilisogea nikamwambia vile nilivyofundishwa, kwa sauti safi:

“Shikamoo, binti yangu. Nimewasili salama salimini.”

Alinitazama akadhani safari imenigusa akili. “Papa,” alisema, “shikamoo natoa miye, si weye.” Kisha akanishika shingoni, na tukalia kidogo, na samaki katikati yetu.

Alinipikia sombe. Huko wanaiita kisamvu na wanaitia nazi, na sitasema ilikuwa tamu kuliko ya Mama Esther kwa sababu naye atasoma karatasi hii. Tulikula na wale samaki. Akaniuliza habari za kila mtu, mpaka za mbwa wa jirani. Nilikuwa na neno la mama yake mdomoni, tayari. Nilisema nitalitoa baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema nitalitoa kesho. Kesho yake alikwenda kazini, na jioni alinionyesha picha za chini ya maji kwenye telefone, jicho lake likiwaka, na mimi nikauliza maswali ya kijinga ili asinyamaze.

Siku ya tatu alisema, “Papa, Jumamosi tunaenda. Unakuja.”

“Nitakaa kwenye boti,” nikasema.

“Kaa kwenye boti.”

Nililibeba neno langu mpaka baharini, kama samaki, na lenyewe nalo lilikuwa linaanza kunuka.

Juu ya maji

Kikundi chao si cha wataalamu. Ni watu wa kazi zao wanaozama kwa kupenda: wauguzi, mtu wa benki, na mkubwa wao, Mwalimu Rukia, anayefundisha hesabu sekondari. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Tulikwenda na gari kusini ya mji, kisha boti ya mota mpaka mahali ambapo maji yalibadilika rangi na nahodha akafunga boti kwenye boya.

“Baba Esther,” Mwalimu Rukia aliniuliza, “wajua kuogelea?”

Alisema upande wa sikio baya, na kwetu neno hilo si la kila siku. Nikaelewa kuoga.

“Kila asubuhi,” nikamjibu. “Na sabuni.”

Esther alilazimika kushika ukingo wa boti. Alipoweza kuongea alimweleza kwamba baba yake alikuwa mzamiaji wa mtoni miaka sita. Nikanyoosha mgongo. Mwalimu Rukia akauliza habari ya masikio yangu, nikasema ukweli, na hapo hapo miaka yangu sita ikaisha kazi.

“Sikio kama hilo halishuki,” alisema. “Lakini utaelea. Hapa ni kina cha kiuno na kifua. Utavaa hili.”

Ndilo lile koti la rangi ya chungwa. Lilitengenezwa kwa mtu asiye na tumbo. Nahodha na muuguzi mmoja walivuta kamba kila upande, na mimi katikati nikiwaza kiapo changu. Ningeweza kukataa. Sijui kwa nini sikukataa. Nafikiri ni kwa sababu maji yale yalikuwa wazi mpaka chini, na sikuwa nimewahi kuona maji ya namna hiyo maishani mwangu. Nilitaka kujua tu ni nini mtu anaona.

Nikashuka ngazi. Nikavaa miwani, nikauma ule mrija wa kupumulia, nikashika kamba ya boti kwa mikono miwili, nikaingiza uso.

Ndugu zangu, kulikuwa na mchana chini ya maji. Hilo ndilo siwezi kuwaeleza vizuri. Miaka sita nilifanya kazi chini ya maji na sikujua kama mchana unafika huko. Samaki wadogo wa njano walikuwa wanapita usoni mwangu bila hofu, na chini yao bustani nzima, nyeupe pe, kama mashuka ya hospitali yaliyoanikwa: matawi meupe, meza nyeupe, mipira myeupe mikubwa. Mahali pengine rangi ya bluu hafifu, ya waridi hafifu. Nilitoa kichwa nikapiga kelele kwa furaha.

“Mwalimu! Ni safi sana! Mnafuaje?”

Hakuna aliyecheka. Esther aliangalia miguu yake.

“Baba Esther,” alisema Mwalimu Rukia, polepole kwa mara ya kwanza, “huo weupe ndio ugonjwa. Yalikuwa kahawia, na kijani, na rangi ya dhahabu. Ndani yake mna vijimea vidogo mno, ndivyo vinavyoyalisha. Maji yakichemka, yanavitema. Yanabaki hivyo unavyoyaona.”

“Kwa hiyo yamekufa.”

“Hayajafa. Yana njaa. Maji yakipoa mapema, yatakula tena. Yakichelewa, tutakuta ukungu wa kijani juu yake, na hapo ndipo yamekufa.”

Niliona aibu, na nikataka kusimama vizuri nimwombe radhi. Nikasimama.

“Shuka!” alipiga kelele. “Umemkanyaga mnyama!”

Sikuuliza mnyama gani. Niliruka kwa namna ambayo koti peke yake lisingeweza kuelezea, nikapanda ngazi nusu, ndipo nikafahamishwa kwamba mnyama ni lile jiwe, na kwamba jambo la kwanza ambalo mgonjwa hahitaji ni fundi wa Bunia juu yake.

Ili nisiharibu kitu kingine walinipa kazi. Kuna kadi ngumu yenye rangi pembeni, kutoka nyeupe mpaka kahawia ya kukolea, kama zile za duka la rangi za nyumba. Walikuwa wamechagua mawe kumi na mawili ya mahali pale pasipo na kina, kila moja na kibao chake cha namba. Kazi yangu ilikuwa kuelea, kulinganisha kadi na jiwe bila kuligusa, kisha kutaja namba ya jiwe na rangi kwa sauti, Mwalimu aandike botini kabla ya kushuka yeye mwenyewe. Macho yangu ni ya fundi, na kazi ilinipendeza. Tatizo ni kwamba mimi, kama ninyi nyote, nikiwa na haraka nahesabu kwa Kifaransa. Mpaka jiwe la saba mambo yalikwenda, maana Esther alikuwa anatafsiri. Kisha akainama kufunga mkanda wake, na mimi nikafika kwenye la nane, mpira mkubwa kuliko yote, mweupe kabisa, nikainua kichwa nikapiga kelele:

“Huit!”

Pwani, mtu akipiga kelele ya “uwi”, anakufa. Nahodha alinirushia boya la duara, likanipiga kichwani. Muuguzi alijirusha majini na nguo zake. Walinivuta mpaka ngazini kabla Esther hajamaliza kusema kwamba baba yuko mzima, ni nane tu, baba anasema nane.

Baada ya hapo walivaa mitungi yao ya hewa, Esther na Mwalimu Rukia, wawili pamoja, wakaenda ukingoni ambapo mwamba unashuka. Esther aliniangalia. Akaweka mkono kichwani kama ishara ya kwamba yuko sawa, akazama.

Niliingiza uso haraka. Nilidhani nitaona tope.

Nilimwona. Nilimwona akishuka, mapezi yake ya njano, nywele zake zimefungwa, mapovu yakipanda kutoka kwake mpaka kwangu, yakipasuka kwenye miwani yangu. Nikasikia vidole vyangu vinatafuta kamba ya kuvuta. Hakukuwa na kamba. Kulikuwa na mtoto wangu, mzima mzima, kila kidole chake nakiona, anaangalia jiwe, anaandika kwenye kibao, anamwonyesha mwenzake kitu, mwenzake anatikisa kichwa. Kila mara mmoja aliposogea, mwingine aligeuka kumtazama. Nilihesabu mapovu yake. Nililia ndani ya ile miwani mpaka ikajaa, na niwape onyo: machozi ndani ya miwani hayana pa kwenda.

Wakati wa kurudi alikaa kando yangu, upande wa sikio zima.

“Mama alikutuma,” alisema.

“Ndiyo. Anasema uache.”

“Na weye, Papa, unasema nini?”

Nilimweleza habari ya Mumbere. Alikuwa anajua kwamba mtu alikufa. Hakujua nani alishika kamba. Nilimweleza yote, hata namna nilivyoendelea kuvuta. Alinishika mkono, akaufungua, kwa maana nilikuwa nimeukunja.

“Neno la mama yako nimelifikisha,” nikamwambia. “Langu sijaleta. Lakini siku Mwalimu Rukia hayupo, hushuki na mtu usiyemwamini. Hata mawe yawe yanakufa.”

“Sitashuka, Papa.”

Kurudi nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, bila samaki, na kwa hiyo bila marafiki. Nilifika Bunia nimechoka, nikakuta maji ya moto, fufu, na Mama Esther amekaa mbele yangu na mikono magotini.

“Ameacha?”

“Hapana.”

“Na weye ulimwambia?”

“Nilimwambia. Kisha nikaingiza kichwa ndani ya maji.”

Nilisimulia mpaka mwisho. Hakunikatiza. Siku ya tatu alichukua telefone mwenyewe. Nilitoka nje, nikidhani kuna vita, lakini ukuta wetu mnaujua, hauzuii sauti.

“Esther,” alisema. “Kila ukitoka mu maji, unapiga simu kwanza, mbele ya kuvua nguo. Siku simu haitapiga, nakuja miye. Na miye sitaelea.”

Sasa kila Jumamosi mchana meza inaandaliwa na hakuna anayegusa sahani mpaka simu ilie. Huwa tunakula baridi. Jumamosi iliyopita simu ilichelewa sana. Mama Esther alikuwa ameshavaa viatu vya kutoka. Ilipolia aliiweka tusikie wote wawili. Maji yamepoa, alisema Esther. Mawe mengine yamerudisha rangi, mengine yameota ukungu. Lile la nane nusu limekuwa kahawia tena, nusu imekufa, na Mwalimu Rukia ana huzuni.

Niliichukua telefone nimjibu. Mama Esther akaninyang'anya telefone.

“Umwambie mwalimu asilie,” alisema. “Baba yako pia alirudi nusu kutoka kule mto. Nilichukua ile nusu.”

Akavua viatu, akanipakulia.